Maria Montessori, munganga aliyeketi kuangalia namna kila mtoto anavyojifunza

Asubuhi katika kalasi ya materneli, mwalimu anaimba herufi na watoto wanajibu wote pamoja. Mmoja anashika wimbo mara moja. Wa pili anaimba vizuri kwa kufata wenzake, lakini akionyeshwa herufi ileile kwenye ubao, haijui. Wa tatu haimbi kabisa: ameinama, anachora mistari na kidole kwenye vumbi. Mara nyingi ni huyu wa tatu ndiye anaitwa kichwa ngumu, na jina hilo linamfata mpaka shule ya msingi.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, mwanamke mmoja wa inchi ya Italia alisema kwamba yule anayechora kwenye vumbi hakosi akili. Anajifunza kwa mkono, na hakuna aliyempa kitu cha kushika. Mwanamke huyo ni Maria Montessori. Jina lake liko kwenye vibao vya shule nyingi za watoto duniani, lakini wengi wanaolisoma hawajui kwamba alikuwa munganga kabla ya kuwa mwalimu, tena hawajui kwamba yeye aliyefundisha dunia kuwaheshimu watoto hakumlea mtoto wake mwenyewe.

Binti kati ya wavulana

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 mwezi wa nane 1870 kule Chiaravalle, mji mdogo upande wa bahari ya Adriatiki. Baba yake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali. Mama yake, Renilde, alipenda vitabu, wakati ambapo wanawake wengi wa Italia hawakujua hata kuandika jina lao. Hakukuwa mtoto mwingine nyumbani. Maria akiwa bado mdogo, kazi ya baba ilipeleka jamaa Roma.

Shule za wakati ule zilifanana karibu zote. Watoto walikaa kwenye mabenchi bila kutikisika, mwalimu alisema, wao walirudilia, na anayekosea aliadhibiwa. Maria alisoma hivyo. Alipofika miaka 13, alichagua shule ya ufundi, ambako wanafunzi karibu wote walikuwa wavulana. Alitaka kuwa enjinia. Baadaye alibadilisha mawazo, akasema atakuwa munganga. Baba yake hakufurahia jambo hilo. Mama yake alisimama upande wa binti.

Kunako 1890 aliingia universite ya Roma, na kisha akafaulu kuingia masomo ya uganga. Haikuwa rahisi. Watu waliona ni aibu mwanamke na wanaume waangalie mwili wa maiti pamoja. Kwa hiyo Maria alifanya masomo hayo peke yake, saa za jioni, wenzake wakiwa wamekwisha kwenda nyumbani. Kunako 1896 alimaliza, akawa kati ya wanawake wa kwanza wa Italia kupata diploma ya munganga. Mwaka uleule alitumwa kuwakilisha wanawake wa inchi yake katika mkutano mkubwa wa Berlin, na huko alitetea kwamba mwanamke na mwanaume wanaofanya kazi moja walipwe mshahara mmoja.

Watoto waliofungiwa

Kazi yake kama munganga ilimpeleka kwenye nyumba za wagonjwa wa akili za Roma. Huko alikuta watoto wamefungiwa pamoja na watu wazima. Wengine walikuwa hawasikii, wengine walichelewa kusema, wengine walikuwa na shida za akili kweli. Wote walihesabiwa kundi moja la wasiofaa kitu.

Wale walioandika maisha yake wanasimulia kwamba siku moja alikuta watoto wa namna hiyo katika chumba kitupu, bila kitu chochote cha kuchezea. Mlinzi wao alilalamika kwamba wakimaliza kula wanajitupa chini kuokota makombo ya mkate. Kwake ilikuwa alama ya tamaa. Maria Montessori aliangalia vizuri akaona jambo lingine: watoto hawakula yale makombo. Waliyashika, wakayageuza, wakayafinya kwa vidole. Mle ndani, makombo ndiyo peke yake yaliyoweza kushikwa.

Alianza kutafuta vitabu vya waliotangulia. Akapata kazi ya waganga wawili wa Ufaransa, Jean Itard na Édouard Séguin, waliokuwa wamefundisha watoto wenye shida kwa kutumia macho, masikio na mikono. Kitabu cha Séguin alikinakili kwa mkono wake kwa lugha ya Kiitalia, ili apate muda wa kuwaza juu ya kila neno.

Kunako 1900 kulifunguliwa Roma shule ya kuandaa walimu wa watoto hao, na yeye akawa mmoja wa viongozi wake wawili. Mchana alikuwa na watoto, usiku alitengeneza vifaa na kuandika aliyoyaona. Watoto kadhaa walifika kuandika na kusoma, alafu wakafaulu mtihani uleule waliofanya watoto wa shule za kawaida. Watu wakashangilia. Yeye akabaki na swali lililomsumbua: kama watoto hawa wenye shida wanafikia pointi za watoto wenye afya, basi hizo shule za kawaida zinawafanya nini watoto wenye afya mpaka wabaki chini namna hiyo?

Mtoto aliyefichwa

Kiongozi mwenzake wa shule ile aliitwa Giuseppe Montesano, naye munganga. Wawili hao walipendana. Kunako tarehe 31 mwezi wa tatu 1898, Maria alizaa mtoto mwanaume, Mario. Hawakuwa wameoana. Katika Italia ya siku zile, mwanamke asiyeolewa akijulikana kuwa amezaa, kazi yake ya uganga ilikuwa imekwisha.

Mtoto alipelekwa kwa jamaa moja kijijini, nje ya Roma. Mama alikuwa akienda kumtazama, lakini mtoto hakuambiwa yule ni nani. Baadaye Montesano alioa mwanamke mwingine, na kunako 1901 Maria Montessori aliacha ile shule waliyoongoza pamoja. Alirudi universite kusoma filosofia na mambo ya ualimu.

Jambo hili halisemwi sana anaposifiwa. Hata hivyo, miaka yote aliyokaa kwenye viti vidogo akiangalia watoto wa watu wengine, wake mwenyewe alikuwa akikua mbali.

Chumba cha San Lorenzo

Kulikuwa kartie moja ya Roma iliyoitwa San Lorenzo. Majumba yake marefu yaliachwa bila kumalizika, na maskini walijaa ndani. Kampuni moja ya nyumba ilitengeneza baadhi ya majumba hayo na kuyapangisha. Tatizo likawa watoto. Wazazi walikwenda kazini asubuhi, wakubwa wakaenda shuleni, na wadogo waliobaki walikwaruza kuta na kuchafua ngazi. Kampuni ilipiga hesabu ikaona heri kutoa chumba na kulipa mtu wa kuwalinda, kuliko kupaka rangi kila wakati. Wakamwita Maria Montessori asimamie.

Chumba kilifunguliwa tarehe 6 mwezi wa kwanza 1907. Kikaitwa Casa dei Bambini, yaani Nyumba ya Watoto. Waliingia watoto kama 50, wa miaka 3 hivi mpaka 6. Wengi walikuwa na woga, wengine walilia. Aliyewekwa kuwalinda alikuwa msichana wa jumba lilelile, ambaye hakuwa na diploma ya ualimu. Inafaa kukumbuka hesabu hiyo katika majimbo ya mashariki mwa Kongo, ambako mwalimu wa materneli mara nyingi anasikia kwamba kufata kila mtoto ni jambo la shule za watu wenye feza na kalasi ndogo. Pale mwanzo walikuwa watoto 50, msichana mmoja, na chumba katika jumba la maskini.

Mama Montessori alileta vile vifaa alivyotengeneza kwa watoto wenye shida, akamwomba yule msichana asiwasumbue watoto wala asiwalazimishe. Yeye mwenyewe alikuja, akaketi, akaangalia. Aliandika anayoyaona kama munganga anavyoandika hali ya mgonjwa.

Mambo aliyoyaona

La kwanza lilikuwa la mtoto msichana wa miaka karibu 3. Alikuwa na vipande vya mti vya mviringo, vinene na vyembamba, ambavyo kila kimoja kina tundu lake. Alivitoa vyote, akavichanganya, akavirudisha. Alafu tena. Mama Montessori alianza kuhesabu. Aliomba watoto wengine waimbe na kutembea kumzunguka, lakini msichana hakuinua kichwa. Alimbeba pamoja na kiti chake na kumweka juu ya meza. Mtoto alikumbatia vifaa vyake magotini, akaendelea. Alirudilia zaidi ya mara 40. Alafu akaacha mwenyewe, akatazama pembeni kama mtu aliyeamka kutoka usingizi mzuri, bila kuonekana amechoka.

Watu walikuwa wakisema mtoto wa miaka 3 hawezi kutulia. Kumbe anaweza, ila si kwa kitu chochote na si kwa saa yoyote. Mwenzake aliyeketi karibu alivigusa vipande vilevile mara mbili tu, akaviacha, akaenda kumwaga maji kutoka chombo kimoja kwenda kingine.

La pili lilitokea siku mlinzi alipochelewa. Kabati ya vifaa ilikuwa haikufungwa vizuri, na alipofika alikuta watoto wameifungua, kila mmoja amechukua anachotaka, wanafanya kazi. Yeye aliona ni wizi. Mama Montessori aliona kwamba watoto wanajua kuchagua. Kutoka siku hiyo akaomba makabati mafupi, yasiyofungwa, ili mtoto achukue mwenyewe na arudishe mwenyewe. Hapo ndipo alipoona wazi kwamba hawachagui sawasawa. Kulikuwa wanaokimbilia rangi, wanaokwenda kwenye kengele ndogo na kusikiliza sauti moja baada ya nyingine, wanaogusa vitambaa laini na vya kukwaruza wakiwa wamefumba macho, na wale wenye kusimama tu, wakiangalia wenzao siku nyingi, alafu siku moja wanafanya kazi ile bila kufundishwa.

La tatu linachekesha kidogo. Aliwafundisha siku moja namna ya kupenga kamasi kwenye kitambaa, polepole na bila makelele. Alipomaliza, watoto walimpigia makofi. Aliwaza sana juu ya makofi yale. Watoto hao walikuwa wamegombezwa kila siku juu ya kamasi, lakini hakuna mtu aliyewahi kuwaonyesha namna ya kufanya.

Herufi za kugusa

Wazazi wa San Lorenzo, ambao wengi hawakujua kusoma, waliomba watoto wao wafundishwe kuandika. Mama Montessori alikata herufi kwenye karatasi ya kukwaruza, ile ambayo mafundi wa mbao wanasugulia meza, akazibandika juu ya ubao. Mtoto anapitisha kidole juu ya herufi kwa njia ileile ambayo kalamu itapita, huku anaiona na huku anasikia sauti yake ikitamkwa. Macho, sikio na mkono vinafanya kazi pamoja kwa herufi moja.

Miezi ilipita. Siku moja, watoto wakiwa juu ya paa la jumba, alimpa mvulana mmoja chaki amchoree bomba la moshi lililokuwa mbele yao. Mvulana akachora, alafu akaanza kuandika neno chini. Alishangaa mwenyewe, akapiga kelele kuita wenzake kwamba amejua kuandika. Wengine wakaomba chaki. Siku zilizofata waliandika kwenye milango, kwenye kuta, hata juu ya mkate. Walikuwa watoto wa miaka 4 na 5. Wengi walijua kuandika maneno kabla ya kujua kuyasoma, kinyume cha utaratibu wa shule.

Hapa ndipo penye fundisho lake kuu, na mara nyingi linaelezwa vibaya. Siku hizi kuna watu wanaogawa watoto katika makundi: huyu wa macho, huyu wa masikio, huyu wa mikono. Mama Montessori hakugawa hivyo. Hakumbandika mtoto jina lolote, hata jina zuri. Kwake kila mtoto alihitaji macho, masikio na mikono vyote pamoja. Kilichotofautiana ni mlango ambao mtoto anaanzia, saa anayokuwa tayari, na mara ngapi anataka kurudilia. Na mwalimu hawezi kujua hayo kwa kuuliza wala kwa kukisia. Anajua kwa kuangalia.

Hata kosa halikuhitaji fimbo. Kipande kikinene hakiingii katika tundu jembamba: kifaa chenyewe kimemwambia mtoto kwamba amekosea, naye anajaribu tena bila aibu mbele ya watu.

Sifa, siasa na ukimbizi

Kunako 1909 alitoa kitabu juu ya kazi hiyo, na kikatafsiriwa kwa lugha nyingi. Wageni walifika San Lorenzo kujionea. Kunako 1913 alikwenda Marekani, na kunako 1915, katika maonyesho makubwa ya San Francisco, ilijengwa kalasi yenye kuta za vioo ili watu watazame kutoka nje. Hakukosa wapinzani. William Heard Kilpatrick, mtaalamu wa ualimu wa Marekani, aliandika kunako 1914 kwamba njia hiyo inabana mchezo na mawazo ya mtoto, kwa sababu kila kifaa kina namna moja ya kutumiwa. Lawama hiyo haikuwa bure: Mama Montessori hakupenda vifaa vyake vibadilishwe, na walimu aliwaandaa yeye mwenyewe.

Mama yake alipofariki, mwisho wa 1912, alimchukua Mario, ambaye sasa alikuwa kijana. Wakaishi na kufanya kazi pamoja. Lakini mbele ya watu alimwita mtoto wa ndugu, ao mtoto wa kulea.

Kunako 1924 alikubali msaada wa Mussolini, aliyekuwa ameshika utawala wa Italia. Shule zake ziliongezeka, na wengi walimlaumu juu ya urafiki huo. Haukudumu. Utawala ule ulitaka watoto wanyooshwe kama askari, yeye alitaka wachague. Kunako 1934 walikosana kabisa, akaondoka. Ujerumani, watu wa Hitler walifunga shule zake. Alikuwa na makao Barcelona, lakini vita vya Hispania vya 1936 vilimfukuza, akakimbilia Uholanzi akiwa na miaka 66. Wakaaji wa mashariki mwa Kongo hawahitaji kuelezwa maana ya kuacha nyumba na kazi na kuanza upya kwa watu wengine.

Zawadi ya miaka 70

Kunako 1939 alialikwa India kufundisha walimu, kule Adyar, karibu na mji wa Madras. Alikwenda na Mario. Mwaka uliofata, Italia iliingia vitani upande wa Ujerumani. India ilikuwa chini ya Uingereza, hivyo Waitalia wakahesabiwa adui. Mario alifungwa kambini, na mama yake akazuiwa kutoka mahali alipokaa.

Tarehe 31 mwezi wa nane 1940 alitimiza miaka 70. Siku hiyo ilifika telegramu kutoka kwa mwakilishi wa mfalme wa Uingereza kule India: kama zawadi, serikali ilikuwa imeamua kumrudishia mwanawe. Neno lililoandikwa lilikuwa hilo, mwana. Kwa miaka 42 lilikuwa likifichwa, na sasa lilisemwa na serikali iliyomfungia.

Walibaki India mpaka vita vilipokwisha, na walimu zaidi ya 1000 walipita katika masomo yake.

Siku ya mwisho

Maria Montessori alifariki tarehe 6 mwezi wa tano 1952, kule Noordwijk aan Zee, mji wa pwani ya Uholanzi, akiwa na miaka 81. Alizikwa hukohuko. Inasimuliwa kwamba siku ileile alikuwa akizungumza na Mario juu ya kusafiri mpaka Afrika, Ghana ya leo, kufundisha walimu. Mario aliona joto ni kali mno kwa umri wake. Safari ile haikufanyika.

Vifaa vyake sasa vinauzwa bei kali, na hiyo imefanya wengi wafikiri kwamba njia yake ni ya matajiri tu. Lakini herufi inaweza kuguswa hata kwenye mchanga uliotandazwa ndani ya beseni. Vifuniko vya chupa vinapangwa kwa rangi, maharagwe na mahindi yanahesabiwa na kutenganishwa, chupa zenye maji kidogo na maji mengi zinatoa sauti tofauti zikigongwa.

Kazi iliyobaki, hata yeye hakuweza kuitengenezea kifaa. Mwalimu anaketi dakika chache bila kusema, anaangalia yule mtoto anayechora kwenye vumbi, na anaandika alichokiona kabla hajaandika neno kwenye biluten yake.